Hema la familia: tuangalie nini kabla ya kutoa pesa

Katika majuma haya swali moja limetufikia kutoka vikundi vitatu: hema gani linafaa kwa familia? Kikundi cha kwanza kinataka kununua kwa pesa za likelemba, ili watoto wapate kulala nje siku mbili tatu wakati wa likizo kubwa, mwezi wa saba na wa nane. Kikundi cha pili kinafikiria ule usiku ambao hakuna mtu anayeuomba, wakati mlima unanguruma ao risasi zinalia, na mama anatafuta ni nini aweke kichwani kwanza. Kikundi cha tatu ni cha wale wanaopokea ndugu waliokimbia: nyumba ya vyumba viwili imejaa, sebule imejaa, sasa wanataka hema la kusimamisha uani ili shemeji na watoto wake walale humo.

Haja ni tatu, lakini mambo ya kuangalia ni karibu yale yale. Tunachobadilisha ni lile tunaloweka mbele. Wa kwanza aangalie urahisi, wa pili aangalie uzito, wa tatu aangalie ukubwa na nguvu ya kitambaa. Mfanyabiashara hatakuuliza wewe ni wa kundi gani. Yeye atakuambia tu: «Mama, hili ni la watu sita, ni la Ulaya, chukua.»

Tuanze na hiyo hesabu ya watu, maana ndipo wengi wanaposhikwa. Namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa hema inahesabu watu waliolala bega kwa bega kama samaki wa ndagala juani. Haihesabu mfuko wa nguo, bido ya maji, sufuria, wala mtoto anayegeuka-geuka usiku. Mashirika yanayosaidia watu waliokimbia yana kipimo chao kinachoitwa Sphere: kila mtu apate angalau meta za mraba 3,5 chini ya paa, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Baba, mama na watoto watano ni watu 7. Zidisha kwa 3,5 utapata 24,5. Sasa angalia hema la kawaida linalouzwa kama la familia: mara nyingi ni meta 3 kwa 3, ndiyo meta za mraba 9. Kwa kipimo kile halitoshi hata watu watatu.

Je, basi tusinunue? Hapana. Kipimo kile ni cha watu watakaoishi humo kwa miezi. Kwa usiku mbili tatu za likizo, wazazi wawili na watoto wadogo wawili ao watatu watabanana kidogo na kucheka. Lakini yule anayemnunulia shemeji yake mahali pa kuishi, asidanganywe na namba ya kwenye mfuko. Hema la familia ambalo HCR inagawa lina meta za mraba 16 za kulala, na vyumba viwili vidogo, mbele na nyuma, jumla 23. Nalo limepangwa kwa watu 5 tu. Wataalamu wenyewe wanahesabu watano kwa 23, na muuzaji anakuambia sita kwa 9!

Sisi walimu tuna dawa ya jambo hili, nayo ni chaki. Kabla ya kwenda sokoni, mwambie mtoto wako wa mwaka wa tano ao wa sita achore uani, ama sakafuni, pembe nne za hema unalofikiria, kwa meta ya kweli. Kama nyumbani hakuna meta, chukua kamba na upime kwa rula ya shule, sentimeta 30 mara kumi. Kisha familia yote ilale ndani ya mistari, na mfuko, na bido, na viatu. Mguu wa nani unatoka nje? Mtoto atakuwa amefanya zoezi la eneo la mraba bila kulia, na wewe utajua ukubwa unaohitaji kuliko mtu yeyote wa dukani.

Angalia pia urefu wa kwenda juu. Mahema mengi ya mviringo yana meta 1,20 katikati. Kijana atatambaa na kufurahi. Lakini mama mwenye mimba, koko mwenye magoti, na yule anayetaka kufunga mtoto mgongoni amesimama, wanahitaji meta 1,80 angalau. Kwa usiku mmoja utavumilia kuvaa kitenge umelala chali, ila kwa miezi miwili ni mateso.

Sasa kitambaa. Yako ya namna mbili hasa. Kuna turubai nzito ya pamba, ao pamba iliyochanganywa na nailoni, ambayo inapumua vizuri na kustahimili upepo, lakini ni nzito na ukiikunja ikiwa na maji itaoza na kunuka. Kuna polyester ao nailoni, nyepesi, inakauka haraka, bei yake ndogo, lakini jua linaila. Na jua letu hapa Goma, kwenye meta 1.500 juu ya bahari, si la mchezo hata wakati mawingu yanatupa baridi. Hema la polyester lililoachwa limesimama uani miezi yote linaanza kupoteza rangi, kisha siku moja unaligusa kwa kidole linapasuka kama gazeti. Kwa sababu hiyo, anayetaka kulisimamisha muda mrefu aweke shitingi juu yake kama paa ya pili, isiyogusana na hema, mkono mmoja kati yao. Shitingi inakula jua na mvua, hema linabaki zima, na ndani kunapoa.

Kuhusu maji, mahema ya dukani yana namba inayoandikwa kwa milimeta: 1.500, 2.000, 3.000. Ni urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kubeba kabla ya kuvuja. Kwa paa chukua 1.500 kwenda juu, na kwa sakafu 3.000, maana sakafu inabanwa na uzito wa mwili, na goti linasukuma maji kuingia. Lakini tunajua vizuri kwamba mahema mengi ya soko yamepoteza karatasi zake njiani. Basi fanya jaribio la mama: kunja kona ya kitambaa kama kikombe, mimina maji nusu glasi, ushike dakika kumi huku mnaendelea kuzungumza bei. Pitisha kiganja chini. Kikitoka kimelowa, mrudishie kwa upole. Kisha inua paa juu ya jua utazame ndani: nukta ndogo za mwanga ndizo zitakazokuwa matone usiku. Muuzaji anayekataa maji yako yasiguse hema lake amekwisha kukujibu.

Maji hayaingii sana katikati ya kitambaa. Yanaingia kwenye mshono. Geuza hema ndani nje, fuata mishono ya paa na ya sakafu. Hema zuri lina utepe mwembamba ulioyeyushwa juu ya kila mshono. Ambalo halina, sindano imeacha matundu mia, na kila tundu ni mlango. Sakafu iwe ya kuinuka pembeni, kama beseni, sentimeta kumi hivi, ndipo mshono wa ukuta uwe juu ya maji yanayotembea. Hema ambalo sakafu yake imeshonwa sawa na udongo, ao halina sakafu kabisa, ni kivuli cha mchana tu.

Neno moja juu ya matone ya asubuhi, kwa maana mama mmoja alitaka kurudisha hema zima kwa ajili yake. Ukiamka ukakuta maji upande wa ndani wa paa na usiku haikunyesha, hilo si kosa la hema. Ni pumzi yenu. Watu watano wanatoa mvuke usiku kucha, nje kuna baridi, mvuke unagusa kitambaa unakuwa maji. Dawa ni hema la paa mbili, yaani kitambaa chepesi ndani na kingine nje, na matundu ya hewa juu yenye chandarua. Msizibe matundu hayo kwa nguo eti baridi inaingia. Chandarua kwenye mlango na madirisha nayo ni lazima, malaria haiulizi kama mko likizoni. Ukipata hema lenye kitanzi ndani juu, katikati, ni bora zaidi: utaning'iniza neti ya kawaida juu ya watoto.

Zipu, ile tunaita tireti, ifungue na kuifunga mara kumi mbele ya muuzaji. Meno mapana ya plastiki yanadumu kuliko yale membamba, na vumbi letu jeusi la volkano linakula zipu haraka. Tireti ikifa, hema halina mlango tena, na fundi wa mashine hana kila mara ya urefu huo.

Kuna jambo ambalo wanaume hawaliandiki kwenye mifuko ya mahema, nasi tutalisema. Hema jeupe na jembamba, ukiwasha taa ndani usiku, ni kama sinema. Jirani wote wanaona kivuli cha mtu anayebadilisha nguo. Wasichana wetu waliolala kambini wamelalamika sana juu ya hilo, na wana haki. Chagua kitambaa kizito ama cha rangi isiyopitisha mwanga, ao hema lenye kipande cha kutenga katikati. Kama halina, funga kamba moja ndani na utundike vitenge viwili: upande huu wazazi, upande ule watoto wakubwa, na kona moja ya kuvalia. Na taa iwekwe chini ukutani, si katikati, kivuli kitapungua.

Nguzo. Zile nyembamba za kioo cha nyuzi, zinazoingia moja ndani ya nyingine na kamba ya mpira katikati, ni nyepesi lakini upepo wa ziwa ukizikunja sana zinapasuka na kuchoma vidole. Za aluminiamu ni nzuri na ghali. Za chuma ni nzito na zinapata kutu, lakini kila fundi wa Birere anaweza kuzinyoosha. Uliza kila mara: nguzo moja ikivunjika nitapata wapi nyingine? Kwa hema la kukaa uani, mti wa mkaratusi ulionyooka utafanya kazi hiyo, mradi uchonge vizuri kichwa chake na kukivika kitambaa, kisije kikatoboa paa.

Halafu tunafika kwenye udongo, na hapo Goma si kama mahali pengine. Mafundisho yote ya mahema yanasema: piga vigingi ardhini. Vigingi gani, juu ya mawe ya 2002? Ukipiga kinajikunja kama uzi. Wanaokaa Majengo na Kanyaruchinya wanajua. Kwa hiyo sisi tunapendelea hema linalosimama lenyewe kwa nguzo zake, lisilotegemea vigingi ili lisimame. Kisha kamba za pembeni ufunge kwenye mifuko iliyojaa changarawe, ao kwenye mawe makubwa. Lakini kamba isiguse jiwe moja kwa moja: jiwe letu ni wembe, kwa usiku mmoja wa upepo linakata kamba. Vika jiwe kipande cha gunia kwanza. Wamama wa Bukavu na wa Uvira, nyinyi mna udongo, pigeni vigingi vyenu kwa kulaza kidogo, kichwa kikiangalia mbali na hema, lakini mjihadhari na miteremko na mito. Mahali pakavu mwezi wa nane panaweza kuwa njia ya maji mwezi wa kumi na moja.

Chini ya sakafu weka kwanza kitu cha kuzuia mawe: mkeka mzee, karatoni, shitingi iliyochakaa. Kile kitambaa cha chini kisitoke nje ya hema hata kidogo. Kikitoka, kitapokea mvua ya paa na kuiingiza chini ya migongo yenu. Chimba mfereji mdogo kuzunguka, upande wa juu hasa, pale ambapo ardhi inakubali.

Na mahali penyewe. Hapa tunaomba msome polepole. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, na kando ya ziwa, kuna mazuku. Wazee wetu walilipa jina kabla ya wataalamu: upepo mbaya. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, nayo inakaa mabondeni na mashimoni kama maji katika beseni, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi, wala haikupi muda wa kuita mtu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kujua, mtoto aliyelala chini anabaki hapo. Sasa fikirieni: hema ni nini, kama si watu waliolala chini? Msisimamishe hema kamwe katika shimo ao bonde la mawe, hata kama linaonekana limejikinga na upepo. Upepo ndio unaowalinda. Ukiona panya, ndege ao mjusi wamekufa mahali pamoja, ondokeni. Na kabla ya yote muulize mwenyeji wa zamani wa pale, mchungaji wa mbuzi hasa. Wanajua kila shimo kwa jina.

Mbabula nayo isiingie ndani. Tunajua baridi ya saa tisa ya usiku, tunajua mama anayesema: «Ni makala kidogo tu, yamebaki kuzimika.» Makala yanayozimika ndiyo yanayotoa gesi inayoua bila harufu, na hema lililofungwa ni dogo kuliko chumba chochote. Blanketi ya pili ni rahisi kuliko kilio. Mshumaa pia hapana: nailoni haichelewi, inashika moto na kuyeyuka juu ya watu. Taa ya jua ao tochi inatosha. Pika nje, upande ambao moshi na cheche zinakwenda mbali. Kama mahema ni mengi, acheni meta mbili angalau kati ya moja na jingine, na kamba zisipitane, ili usiku watu wakikimbia wasianguke. Na usifunge zipu kwa kufuli watoto wakiwa ndani, hata kwa dakika tano za kwenda kuchota maji.

Uzito tuliuacha nyuma, lakini kwa kikundi cha pili ndio wa kwanza. Mlima ulipasuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na tarehe 27 serikali ikatoa amri ya kuondoka katika mitaa mingi ya Goma. Wengi walikwenda kwa miguu hadi Sake, kilometa 25 hivi, na godoro kichwani, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Hema zito la turubai, lenye kilo 40 na zaidi, halitembei safari hiyo. Kwa wale wanaotaka kitu cha kukimbia nacho, sisi tungesema hema jepesi lisilopita kilo 8, hata kama ni dogo, pamoja na shitingi moja ya meta 4 kwa 5 na kamba ya meta 20. Watoto na koko ndani ya hema, wakubwa chini ya shitingi iliyofungwa mbele yake. Mzigo unagawanyika kati ya watu wawili, na mkipotezana njiani kila upande una kitu cha kujifunika.

Wengine watauliza: mbona tusinunue yale yenye alama ya HCR yanayopita sokoni kwa bei ndogo? Kitambaa chake ni kizuri, hatukatai. Lakini hema lile lilitolewa kwa familia fulani, na halikufika kwake, ao lilifika na mama akaliuza kwa ajili ya unga. Huyo mama hatumhukumu, njaa ina sheria zake. Ila chama cha wamama kununua kwa pesa ya likelemba paa iliyotolewa kwa mama mwingine, hilo sisi hatuwezi kuliandika katika kaye ya matumizi na kulisoma mbele ya mkutano. Kila kikundi kiamue, lakini kiamue kwa sauti, si kwa kunong'ona.

Kwa vikundi vinavyonunua kwa pamoja, hesabu ni nyepesi: hema likigharimu dola 120 na wamama wakiwa 12, kila mmoja ni dola 10, inalipwa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Kazi ngumu inakuja baadaye. Nani analiweka? Nani analichukua mwezi wa saba, wakati wote wanalitaka? Andikeni zamu kabla ya kununua, na si baada. Katika kaye andikeni vipande vyote: nguzo ngapi, vigingi vingapi, kamba ngapi, mfuko. Anayelirudisha ahesabu mbele ya anayelipokea, na wote wawili watie sahihi. Kuna hema linalokufa kwa kupasuka, lakini mengi hufa kwa kupotea nguzo moja.

Siku ya kwanza, lisimamisheni uani kukiwa kweupe, kabla ya safari yoyote. Wapeni watoto wakubwa kazi hiyo na nyinyi mkae mkiangalia. Mara ya pili wafanye bila kusoma maelezo. Mara ya tatu gizani, na tochi moja. Mkiwa na maji, mwageni bido nzima juu ya paa, na mtoto mmoja awe ndani akitafuta tone. Hawakatai kazi hiyo hata mmoja.

Mkirudi, hema lisilale na maji hata usiku mmoja. Litandikeni juu ya kamba ya nguo hadi likauke pande zote mbili, mkung'ute mchanga wa kwenye zipu kwa brashi ya meno iliyozeeka, mfute sakafu kwa maji bila sabuni ya unga, kwa maana sabuni hiyo inaondoa mafuta yanayozuia mvua. Msilikunje kila mara kwenye mistari ile ile, likunjwe ovyo-ovyo kidogo, mistari ndiyo inayopasuka kwanza. Na liwekwe juu, mbali na panya. Akina panya wa mtaa wetu wanapenda nailoni kuliko mahindi.